Wakaguzi watano, chombo kimoja: nimfuate yupi?

*"Nimekuwa ofisa usalama kwenye meli za mizigo kwa miaka mingi. Sasa nimehamia kwenye meli ya kuchoronga visima vya mafuta na gesi. Imesajiliwa nchi moja na inafanya kazi kwenye bahari ya nchi nyingine. Sijamaliza hata kupanga mafaili yangu, tayari wamepita wakaguzi wa mamlaka ya petroli, walinzi wa pwani, watu wa mazingira, mkaguzi wa nchi ya bendera na mpimaji wa taasisi ya uainishaji wa meli, ile inayothibitisha uimara wa vyombo. Watatu kati yao walikagua maboti yale yale ya kuokolea. Mmoja aliniambia mlango fulani ufungwe kwa sababu za ulinzi, mwingine akasema mlango huo huo usifungwe kamwe kwa kuwa ni njia ya kutorokea. Bosi wangu anasema sheria ya bendera inatosha, mengine ni usumbufu. Mwenzangu anashauri nimfuate mwenye faini kubwa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria ya nani iko juu? Na isingekuwa bora pawe na mdhibiti mmoja tu?"*

Ndugu yangu, hongera kwa kazi mpya, na pole kwa makaratasi. Unalalamikia maboti yaliyokaguliwa mara tatu. Ni usumbufu kweli, ila hakuna aliyewahi kufa kwa boti kukaguliwa mara tatu. Mimi naogopa zaidi kile ambacho hakikukaguliwa na yeyote kwa kuwa kila mkaguzi alidhani ni cha mwenzake. Nitakujibu maswali yako yote, lakini huko ndiko nitakakokaa muda mrefu.

Tuanze na bosi wako. Simlaumu, maana kwenye meli za mizigo anachosema kinakaribia kuwa kweli. Meli inayosafiri hubeba sheria ya nchi iliyoisajili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya bendera mamlaka juu ya meli yake kwenye bahari kuu, na unaitwisha pia wajibu wa kuikagua na kuhakikisha mabaharia wake wana sifa. Ukiingia bandarini, wenyeji wanahakiki vyeti, wanatazama hali ya chombo, wanaondoka.

Lakini mkataba huo huo, kifungu cha 77, unaipa nchi ya pwani haki ya pekee ya kutafuta na kuvuna maliasili za sakafu ya bahari iliyo mbele yake, walau hadi maili 200 za baharini, na katika mazingira fulani zaidi ya hapo. Vifungu vya 60 na 80 vinaipa mamlaka juu ya mitambo inayotumika kwa kazi hiyo, na vinataja waziwazi sheria za forodha, kodi, afya, usalama na uhamiaji. Vinairuhusu pia kuweka eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka mtambo. Wanasheria wamebishana tangu zamani kama meli ya kuchoronga ni meli au ni mtambo. Nchi nyingi hazikusubiri ubishi uishe: chombo kikiwa safarini ni meli, na kikishashusha bomba na kuungana na kisima, ni meli na ni mtambo kwa pamoja. Kwa hiyo sheria ya bendera hujaiacha. Umeongezewa nyingine juu yake, na kwa mambo ya kisima hiyo ya pili ndiyo yenye neno la mwisho.

Kuhusu mwenzako wa faini kubwa, nitasema kidogo tu. Ukubwa wa faini unakuambia serikali iliwahi kukasirishwa na nini. Haukuambii ni hatari ipi iko chini ya miguu yako usiku wa leo.

Sasa, kwa nini wakaguzi ni wengi? Wengi hudhani ni urasimu tu, kila wizara inataka kipande chake. Upo urasimu, siwezi kukuficha. Lakini chimbuko lake ni kwamba chombo chako ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: ni chombo kinachoelea, ni kiwanda, ni makazi ya watu wengi wasio na pa kukimbilia, na ni kifuniko cha shimo lenye shinikizo kubwa. Kila kimojawapo kimeua watu kwa namna yake, na kila msiba ukaacha sheria yake. Mwaka 1980 huko Norway, mtambo wa Alexander L. Kielland ulipinduka baada ya ufa wa uchovu wa chuma kusababisha mguu wake mmoja kukatika. Wakafa watu 123. Mwaka 1982 Ocean Ranger ilizama kwenye dhoruba nje ya Newfoundland, Kanada, na watu wote 84 waliokuwamo. Maji yalikuwa yameingia kwenye chumba cha kuongozea matangi ya kusawazishia chombo, na waliokuwa zamu hawakuufahamu mfumo huo vya kutosha. Yote mawili yalikuwa ni misiba ya kuelea, na kisima hakikuhusika. Piper Alpha, upande wa Uingereza wa Bahari ya Kaskazini, Julai 1988, ulikuwa msiba wa kiwanda: pampu iliwashwa wakati vali yake ya usalama imeondolewa kwa matengenezo, gesi ikavuja, wakafa watu 167. Hapo ndipo utaona kwa nini mpimaji wa meli hawezi kufanya kazi ya mkaguzi wa kisima. Anayeweza kukuambia kama chombo kitasimama kwenye mawimbi huenda hajui kusoma jaribio la shinikizo, na mtu wa kisima huenda hajui chochote kuhusu matangi ya kusawazishia.

Nitumie Marekani kama mfano, kwa sababu mgawanyo wake umeandikwa na makosa yake yamechunguzwa hadharani. Majimbo mengi ya huko yana mamlaka hadi maili 3 za baharini kutoka pwani. Texas, na Florida kwa upande wake wa Ghuba ya Meksiko, hufika maili 9. Zaidi ya hapo ni serikali kuu, na ndani ya serikali kuu kuna milango kadhaa. Ofisi iitwayo BOEM hugawa vitalu vya bahari vya kutafutia mafuta na kupitisha mipango ya utafutaji. Ofisi nyingine, BSEE, hushughulikia kisima chenyewe: kuchoronga, saruji, zile vali kubwa za kuzuia mlipuko ambazo nyote huko mnaziita BOP, na vifaa vya usalama vya uzalishaji. Walinzi wa Pwani hushughulikia mwili wa chombo, uthabiti, maboti, zimamoto, mabaharia na ulinzi. Wakala wa mazingira, EPA, hutoa vibali vya kila kinachomwagwa majini. Hewa chafu ni EPA au BOEM, kutegemea uko upande gani wa longitudo ya nyuzi 87.5 magharibi kwenye Ghuba. Mabomba ni BSEE au idara ya uchukuzi, kutegemea pale ambapo mzalishaji anamkabidhi msafirishaji, na mahali hapo panatakiwa kuwekewa alama ya kudumu kwenye bomba lenyewe. Napenda kanuni hiyo ndogo kuliko nyingi kubwa. Mtu akisimama hapo na bisibisi mkononi, anaona kwa macho yake mamlaka moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Chombo chenye bendera ya kigeni kama chako, kikienda huko, hupata kwa Walinzi wa Pwani cheti cha kuthibitisha kwamba kimetimiza masharti, kinachodumu miaka miwili. Kanuni inakuruhusu kupita njia moja kati ya tatu: utimize viwango vya Marekani, au vya nchi yako ya bendera vikionekana kuwa sawa na vya Marekani, au vya kanuni za kimataifa za mitambo ya kuchoronga inayohama, zile za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO). Unaona basi kwamba mamlaka hizi hazipuuzani kabisa. Mwenyeji anaweza kukubali kazi iliyofanywa na bendera. BSEE na Walinzi wa Pwani wana hati za makubaliano zenye majedwali: mfumo huu unaongozwa na huyu, ule na yule. Na tangu 2002 Walinzi wa Pwani waliruhusu wakaguzi wa petroli wakague majukwaa yasiyohama kwa niaba yao, ili helikopta moja itoshe.

Ukisoma majedwali hayo utajisikia salama. Mimi ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi, maana jedwali hugawa mifumo kana kwamba kila mmoja unaishi peke yake.

Chukua mfano ulio mbele yako kila siku. Meli yako inajishikilia juu ya kisima kwa injini na setelaiti, kwa mfumo wa DP. Huo ni wa kibaharia: bendera, uainishaji, walinzi wa pwani. BOP iliyo chini kwenye sakafu ya bahari ni ya mamlaka ya petroli. Umeme ukikatika na meli ikaanza kuchukuliwa na mkondo, lazima ujitenge na kisima ndani ya muda mfupi, la sivyo bomba linapinda na kukatika. Tatizo limezaliwa kwenye nyumba ya mkaguzi mmoja na litaleta maafa kwenye nyumba ya mwingine. Kitufe cha kujitenga kiko katikati. Kila mmoja amekagua nusu yake na kuikuta safi. Nani alikagua muda unaopita tangu kengele ya DP ilie hadi mtu mwenye ruhusa aguse kitufe hicho?

Hili si la kubuni. Deepwater Horizon, iliyolipuka usiku wa 20 Aprili 2010 kwenye Ghuba, ilikuwa na bendera ya Visiwa vya Marshall, mwenye chombo akiwa Transocean, kisima kikiwa cha BP. Walikuwamo watu 126, wakafa 11, na chombo kikazama siku mbili baadaye. Uchunguzi ulifanywa kwa pamoja na Walinzi wa Pwani na mamlaka ya petroli ya wakati huo, lakini ripoti ikatoka kwa juzuu mbili, Aprili na Septemba 2011: Walinzi wa Pwani waliandika kuhusu mlipuko, moto, uokoaji na kuzama, wenzao wakaandika kuhusu kisima. Hata uchunguzi wa msiba ulifuata mstari ule ule wa mgawanyo.

Ndani ya juzuu ya Walinzi wa Pwani kuna jambo ambalo kila ofisa usalama wa meli ya kuchoronga angepaswa kulijua. Kwa kosa la kiuandishi la nchi ya bendera, chombo kile kiliwekwa kwenye kundi lililoruhusu kiwe na wakuu wawili. Kikiwa kimeungana na kisima, mkuu alikuwa msimamizi wa mtambo, yaani OIM. Kikiwa safarini au kwenye dharura, mkuu alikuwa nahodha. Methali yako ya manahodha wengi ilikuwa imeandikwa kwenye vyeti vya chombo. Sasa jiulize, gesi inapopanda na taa zinapozimika, dharura inaanza dakika gani? Nani anaitangaza? Ripoti ilieleza kwamba palikuwa na mkanganyiko wa nani ana amri wakati ule wa hatari, na kwamba huenda uliathiri uamuzi wa kuwasha mfumo wa kujitenga. Ulipowashwa, baada ya milipuko, haukufanya kazi.

Ripoti hiyo iliigusa pia nchi ya bendera kwa kuziachia taasisi za uainishaji karibu kazi yote ya ukaguzi. Na ikasema jambo la kuta. Kuta zilizokuwa kati ya sehemu ya kuchorongea na makazi zilikuwa za daraja la A, kwa viwango vya kimataifa vya meli. Kuta hizo hupimwa kwa moto. Hazilazimiki kustahimili mlipuko. Watu wa meli walikuwa wamefikiria moto wa meli, watu wa kisima walikuwa wamefikiria kuuzuia mlipuko chini kabisa, baharini. Swali la ukuta utakaopigwa na mlipuko uliopanda juu lilikuwa limeanguka katikati.

Unaponiuliza kama mdhibiti mmoja angekuwa bora, jibu langu ni kwamba inategemea unamwondoa nani na unamwachia nini. Wapo waliojaribu, na kwa sababu nzuri. Australia ndiyo mfano ninaoupenda kwa sababu una pande zote mbili. Agosti 2009 kisima cha Montara, kwenye Bahari ya Timor, kilianza kumwaga mafuta na gesi, kikaendelea hadi Novemba. Kulikuwa na mamlaka ya taifa ya usalama wa mitambo, iliyoitwa NOPSA, lakini uimara wa kisima haukuwa kazi yake. Ulikuwa chini ya serikali ya Northern Territory. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba saruji ya chini ya kisima ilishindwa, kifuniko kimoja kilichotakiwa kuwepo hakikuwekwa, na mdhibiti aliyesimamia kisima alikuwa na uhusiano wa karibu kupita kiasi na kampuni. Tazama vizuri: hapo wakaguzi hawakuwa wengi mno. Kwa kisima chenyewe alikuwapo mmoja tu, naye alikuwa amelegea. Mwaka 2012 ikaundwa NOPSEMA, mamlaka moja ya usalama, uimara wa visima na mazingira.

Je, mishono, yaani pale mamlaka moja inapokutana na nyingine, iliisha? Ilipungua sana, ila haikuisha. Meli za baharini bado ziko chini ya mamlaka ya usalama wa bahari, AMSA. Meli ya kuzalishia na kuhifadhia mafuta ambayo hujitenga na kisima kimbunga kikikaribia huwa chini ya sheria ya petroli ikiwa imeunganishwa, na chini ya sheria ya usafiri wa majini ikishajitenga. Watu ni wale wale, mitambo ile ile, upepo unaongezeka, na katikati ya kazi hiyo sheria inabadilika. Huwezi kuufuta mstari huo kwa kubadilisha jina la ofisi.

Uingereza baada ya Piper Alpha ilifanya jambo jingine ambalo kwangu ni muhimu kuliko idadi ya wadhibiti. Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi wa msiba huo, alitoa mapendekezo 106 mwaka 1990. Moja la maana lilikuwa kuutoa usalama mikononi mwa wizara ya nishati, ambayo ndiyo hiyo hiyo ilikuwa na hamu ya uzalishaji, na kuukabidhi kwa HSE, taasisi ya usalama kazini. Jingine lilikuwa kumtaka mwendeshaji wa mtambo aandike mwenyewe andiko la usalama: hatari zangu ni hizi zote, za chombo, kiwanda na kisima, na hivi ndivyo ninavyozidhibiti. Mdhibiti hulisoma na kulikubali au kulikataa. Mzigo wa kuunganisha vipande ukahamia kwa anayekaa na hatari. Marekani ilijifunza lile la kwanza kwa kuchelewa: hadi 2010 ofisi iliyokagua visima, MMS, ndiyo ilikuwa ikikusanya mapato ya mafuta. Ilivunjwa, na kufikia Oktoba 2011 mapato, ugawaji wa vitalu na usalama vikawa kwenye ofisi tatu. Yaani walitibu tatizo kwa kuongeza wadhibiti, na naona walikuwa sahihi.

Norway imechukua njia ya kati. Mwenye mtambo unaohama huomba hati ya ulinganifu kwa mdhibiti wa petroli, ambaye tangu 2024 anaitwa Havtil, na kwa mambo mengi ya kibaharia anaruhusiwa kutumia kanuni za meli pamoja na za taasisi za uainishaji. Wadhibiti bado ni zaidi ya mmoja, ila mlango wa kubisha hodi unajulikana. Kama ningepewa kalamu, ningeanzia hapo.

Turudi kwenye meli yako. Mlango wako kwanza, maana ndio rahisi. Wakaguzi wale wawili huenda hawakupingana. Mmoja alikuwa anazungumzia nani aingie, mwingine nani atoke. Mlango unaofungwa kwa nje na kufunguka kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo, ukiwa na kengele, huwaridhisha wote wawili mara nyingi. Migongano mingi inayoletwa kwangu ni ya aina hiyo: kila mkaguzi amesema nusu ya hitaji lake kwa haraka, akapanda helikopta. Muulize kila mmoja anataka kuzuia hatari gani, kisha tafuta suluhisho linalozizuia zote mbili. Masharti mawili yakitofautiana kwa ukali tu, fuata lililo kali zaidi na umeyatimiza yote. Yakipingana kweli, kiasi kwamba kulitii moja ni kulivunja jingine, usichague wewe. Andika barua moja kwa mamlaka zote mbili, kupitia nahodha na kampuni, ueleze hatari na uombe jibu la maandishi. Jibu likichelewa, simamisha kazi hiyo ikiwezekana.

Jambo la pili ni taka, ambako nimeona watu wazuri wakiingia matatani bila nia mbaya. Mkataba wa MARPOL, ule wa kuzuia meli zisichafue bahari, uliuzoea. Maji machafu ya chumba cha injini bado yanafuata kiwango chake cha mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Lakini MARPOL yenyewe, kwenye tafsiri yake ya kumwaga, inaweka kando vitu vinavyotokana moja kwa moja na utafutaji na uvunaji wa madini ya sakafu ya bahari. Kwa hiyo matope ya kuchorongea na vipande vya mwamba vinafuata kibali cha nchi ya pwani. Ukihamia siku moja kwenye jukwaa la uzalishaji utakuta maji yanayopanda na mafuta kutoka kisimani: nchi za mkataba wa OSPAR wa kaskazini-mashariki mwa Atlantiki hutumia wastani wa miligramu 30 za mafuta kwa lita kwa mwezi, na Ghuba ya Marekani 29 kwa mwezi na si zaidi ya 42 kwa siku. Matangi mawili yaliyo jirani, sheria mbili, daftari mbili, na namba mbili za simu za kutoa taarifa. Dizeli ikimwagika wakati wa kujaza mafuta na matope yakimwagika saa hiyo hiyo, hizo ni taarifa mbili. Kupiga simu moja hakukukingi na ile ya pili.

Tatu, na hili lifanye kabla ya mengine yote: tafuta hati inayounganisha mfumo wa usalama wa kampuni yako na ule wa mwenye kisima. Lazima iwepo. Isome ukitafuta jibu la swali moja, nani ana neno la mwisho katika kila hali: meli ikiwa imeungana na kisima, ikiwa inajitenga, ikiwa safarini, DP ikiwa imeshindwa, gesi ikiwa imefika juu. Kanuni za Marekani tangu 2013 zinataka mtu huyo mwenye mamlaka ya mwisho atajwe, na kila mfanyakazi awe na haki ya kusimamisha kazi anayoiona ya hatari. Hata kama nchi uliyopo haidai hivyo, wewe dai. Kisha waulize watu wa zamu, mmoja mmoja, bila kuwaonyesha hati: nani anaruhusiwa kugusa kitufe cha kujitenga, na je, anahitaji kuomba ruhusa? Majibu yakitofautiana, umepata kitu ambacho wakaguzi wako watano hawakukipata. Kipeleke kwa nahodha siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na omba zoezi la pamoja la daraja la kuongozea meli na kibanda cha mchorongaji. Mazoezi mengi niliyoyaona hufanywa kando kando: mabaharia wanafanya zoezi la kuacha meli, wachorongaji wanafanya zoezi la kisima, na hakuna anayefanya zoezi la mambo hayo mawili kwa wakati mmoja.

Tengeneza pia jedwali lako mwenyewe. Usinakili la serikali. Liwe na mfumo, sheria inayouhusu, anayeukagua, anayepewa taarifa ukiharibika, na safu moja ya ziada: mfumo huu ukifeli, ni mfumo upi mwingine unaathirika, na huo unakaguliwa na nani? Safu hiyo ndiyo itakayokuonyesha mishono. Itachukua muda kuijaza, na ukikwama kwenye mstari fulani, mpigie mpimaji wa taasisi ya uainishaji; watu hawa wameona vyombo vingi na wengi wao hufurahi kuulizwa swali la maana badala ya kuonyeshwa vyeti.

Kitu kimoja cha kukuonya. Mkaguzi akisaini na kuondoka, hajachukua wajibu wako. Karibu kila mahali sheria ya petroli humwachia mwenye leseni na mwendeshaji mzigo wote, na cheti ni ushahidi tu kwamba siku ile, alichokitazama kilikuwa sawa. Nimesikia watu wakisema kwenye uchunguzi "lakini tulikaguliwa wiki iliyotangulia." Haijawahi kumsaidia yeyote.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyabeba. Mimi sijaona leseni ya kisima chenu, mkataba wenu, wala vyeti vya chombo, na masharti ya leseni mara nyingi ni makali kuliko sheria yenyewe. Kabla meli haijahamia nchi nyingine, kampuni ikae na mwanasheria wa bahari na petroli wa huko ana kwa ana, si kwa barua pepe mbili. Na wewe binafsi tafuta wakili wako, tofauti na wa kampuni, mara moja ikiwa mtu ameumia au amekufa, ikiwa chombo kimezuiliwa, ikiwa unaombwa kusaini maelezo au kubadilisha kumbukumbu zilizokwisha kuandikwa, au ikiwa mchunguzi anakuhoji na hujui kama ni wa usalama au wa jinai. Kwenye nchi kadhaa wote wawili wanaweza kufika kwa boti moja. Nenda na barua yako ya ajira, nakala ya ile hati ya kuunganisha mifumo, na barua zote ulizowahi kuandika kuhusu tatizo hilo zikiwa na tarehe zake. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha mabaharia, kipigie kabla ya kusaini chochote. Vingi vina wanasheria wa kukusindikiza.